Mlo Bila Nyama Si Ufukara

Kisamvu kinataka subira: majani hutwangwa kinuni hadi yalainike, huchemshwa vya kutosha kuondoa sumu yake, ndipo huungwa kwa tui la nazi au karanga. Kikiletwa mezani na maharage, hakuna anayeulizia nyama. Lakini wageni wakibisha hodi tunaona haya kukipakua, tukidhani tutaonekana mafukara. Dhana hiyo inatugharimu afya na fedha.

Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kufufua vyakula vya asili. Sasa shule na hospitali zetu ziweke mnavu, mlenda na mchicha kwenye ratiba ya chakula, na anayeamua kuacha nyama kabisa asichekwe.