Mshipa Uliokatika: Pete au Mrija?

Ateri ikikatika, damu humwagika kwa kasi, na sehemu ya kiungo iliyo mbele ya jeraha hukosa oksijeni. Misuli ya mguu hustahimili hali hiyo kwa takriban saa 6. Baada ya hapo huanza kufa. Kamba ifungwayo juu ya jeraha huokoa maisha, lakini haiupi mguu damu.

Mwaka 1902 Mfaransa Alexis Carrel alieleza namna ya kuunganisha mishipa kwa sindano na uzi mwembamba, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Kazi hiyo yataka mkono uliozoea, na ndiyo sababu wengine walitafuta njia isiyo na mshono. Erwin Payr alikuwa amekwisha kutumia pete za magnesiamu mwaka 1900. Siku hizi zipo pete mbili zenye vijiti vidogo vyenye ncha kali: kila ncha ya mshipa hupitishwa ndani ya pete yake, ikakunjwa kwa nje juu ya vijiti hivyo, kisha pete zikabanwa pamoja. Kuta za ndani za mishipa hugusana, na kazi huisha kwa dakika chache. Hutumiwa zaidi kwenye vena, na mabingwa wenye hadubini.

Chombo hicho chastahili sifa zake (magazeti nayo hupenda vitu ving'aavyo). Hata hivyo, sicho kinachohitajika kwanza katika pwani ya Kilwa na Lindi. Kijana aliyeanguka na pikipiki Kilwa Masoko, ateri ikakatika nyuma ya goti, yu mbali na Dar es Salaam kwa takriban kilomita 300. Mvuvi wa Songo Songo huanza safari kwa chombo cha baharini. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu ya kusini huko Somanga. Saa 6 hupita upesi.

Kinachofaa ni mrija. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Théodore Tuffier alitumia mirija ya fedha iliyopakwa nta ya parafini; leo hutumika plastiki. Daktari huingiza mrija katika ncha zote mbili za ateri, akazifunga kwa uzi, na damu ikapita hadi mgonjwa afike kwa bingwa.

Wapo watakaosema kwamba mrija huweza kuziba, au kuudhuru mshipa. Ni kweli. Lakini pasipokuwa na mrija, daktari wa wilaya hubaki na njia ya kuifunga ateri kabisa. Katika taarifa ya DeBakey na Simeone ya mwaka 1946, kuhusu majeruhi wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, ateri ya nyuma ya goti ilipojeruhiwa, takriban watu 7 kati ya 10 walikatwa mguu. Mrija na mafunzo ya kuutumia vyapaswa kufika katika hospitali za wilaya za pwani hiyo kabla ya pete. Bingwa wa Dar es Salaam atauondoa mrija, na hapo achague mwenyewe: uzi au pete.