Bei ya taa ya mboga imo kwenye LUKU, si dukani

Mwekezaji mdogo anayetaka kulima mboga na kufuga samaki ndani ya nyumba huanza na swali moja akifika kwa muuza taa: "Ya bei rahisi ni ipi?" Swali ni la haki, ila ameulizwa mtu asiyehusika. Muuzaji anaijua bei ya boksi tu. Gharama ya taa ataijua mnunuzi mwenyewe, mwezi hadi mwezi, kila anapoingiza namba za LUKU.

Kwa msomaji ambaye biashara hii ni ngeni kwake, akwaponiki ni kilimo cha maji yanayozunguka. Perege wanalishwa, uchafu wao unatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, mboga zinainyonya na maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Mfumo ukikaa uani, mwanga ni wa bure. Ukiuingiza stoo au katika chumba cha nyuma ya duka, mwanga unageuka kuwa malighafi ya kununua, sawa na chakula cha samaki.

Malighafi hiyo lazima ipimwe kwa kipimo chake. Wati zinaeleza umeme unaoliwa, wala si mwanga unaotoka. Lumeni zinapima mwanga kwa jicho la binadamu. Mwanga wa mmea unahesabiwa kwa maikromoli, na saladi hukua vizuri ikipata kama 200 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kwa saa 16 kila siku. Taa nzuri ya LED ya kilimo hutoa maikromoli 2.5 au zaidi kwa kila wati. Tyubulaiti za zamani za zebaki hazifiki hata 1.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue kitanda cha mita moja ya mraba na umeme wa Sh 350 kwa uniti. Msomaji aweke bei anayokatwa yeye. Kwa LED nzuri, tukiacha nafasi ya mwanga unaopotea pembeni, zinatosha wati 100. Kwa saa 16 hizo ni uniti 1.6 kwa siku, uniti 48 kwa mwezi, yaani Sh 16,800. Kwa tyubulaiti, ambazo hutupa mwanga pande zote, itabidi ufunge wati zipatazo 275. Hizo ni uniti 132 kwa mwezi, yaani Sh 46,200. Tofauti ni Sh 29,400 kila mwezi kwa mita moja tu. Mwenye vitanda vinne anapoteza Sh 117,600. Nafuu aliyoipata dukani haichukui muda mrefu kumezwa.

Tyubulaiti zina kasoro nyingine inayomhusu mwenye stoo ya mali. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha hatua kwa hatua, hadi mwaka 2027, utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa hizo kwa mwanga wa kawaida. Anayejaza rafu leo kwa sababu amepunguziwa bei ajiulize kesho atamuuzia nani.

Hata hivyo, safu hii haisemi kwamba kila anayenunua LED atapata faida. Mita moja ya saladi hutoa miche ipatayo 20 kwa mwezi. Gawanya Sh 16,800 kwa 20, na kila mche umekula Sh 840 za mwanga peke yake, kabla ya mbegu, chakula cha samaki, pampu na kodi ya chumba. Kama huna hoteli au mgahawa uliokubali bei inayobeba mzigo huo, biashara imekufa kabla ya kuvuna.

Faida iko kwenye kitalu. Mita hiyo hiyo, chini ya taa hiyo hiyo, inabeba miche midogo 400 kwa siku 20. Umeme ni uniti 32, yaani Sh 11,200, na kila mche unabeba Sh 28 tu. Baada ya hapo mche upelekwe uani chini ya wavu wa kivuli, ukamaliziwe na jua la Dar es Salaam ambalo halina LUKU. Mtaji mdogo uwashe taa pale mimea inapokaa kwa msongamano.

Kwa anayekwenda kununua, yako mambo ya kuangalia. Kwanza, usiamini namba kubwa ya kwenye boksi. Taa nyingi za bei ya chini zinaandikwa "1000W" na zikipimwa kwenye soketi zinakula kama wati 100. Lipia wati zilizopimwa. Pili, uliza maikromoli kwa wati. Kama muuzaji hana jibu na taa ni LED nyeupe, chukua lumeni zake ugawe kwa 70, utapata makadirio ya maikromoli. Nyeupe inatosha, rangi ya zambarau haina muujiza, na inakuficha majani yanapoanza kuugua. Tatu, kwa kuwa taa inakaa juu ya maji, itafute yenye alama ya IP65 na ufungiwe swichi ya kukata umeme unaovuja. Fundi mzuri ni sehemu ya bei ya taa.

Ukishafunga, paka kuta rangi nyeupe, shusha taa karibu na mimea bila kuiunguza, na weka saa ya kuwasha na kuzima. Tangi la samaki lifunikwe, kwani mwanga unaomwagika majini unalisha mwani badala ya saladi.

La mwisho ni umeme unapokatika. Saladi itavumilia usiku mrefu. Perege waliosongamana hawavumilii maji yasiyo na hewa. Kwa hiyo fedha za betri ziende kwanza kwenye pampu ya hewa, na taa zisubiri zamu yao. Anayefanya kinyume ataamka mboga zikiwa kijani na samaki wakielea.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuuliza bei ya taa, mwekezaji aandike namba tatu: uniti atakazochoma kwa mwezi, miche atakayovuna, na bei aliyokubaliana na mnunuzi. Ya tatu ikikosekana, afunge pochi arudi nyumbani.