Pendeni Reli Ndogo, Acheni Kuabudu Kutu

Wafanyakazi wa reli kule Marekani wana jina la kejeli kwa watu wanaosimama kando ya njia na kamera wakingoja treni ipite. Ukilileta kwa Kiswahili ni “watoa povu”. Huku kwetu povu ni la mtu anayelalamika mtandaoni saa nane usiku. Kule ni la mtu anayeona injini ya miaka ya sitini na mdomo unaanza kububujika wenyewe. Mimi ni mmoja wao, ila natazama nikiwa Nairobi, kwa bando la kununua. Kwa hivyo povu langu leo ni la aina zote mbili.

Kwanza niwamalize wanaotucheka. Nishaambiwa mara nyingi ati kupenda treni za mizigo ni tabia ya wazee wa kizungu waliostaafu. Sawa. Na kupenda mpira wa Uingereza ni tabia ya nani? Tuendelee.

Mtoa povu wa kweli hababaishwi na Union Pacific au BNSF, zile kampuni kubwa zenye treni ya zaidi ya kilomita mbili inayopita kama ukuta. Anapenda reli fupi. Marekani ina takriban kampuni 600 za namna hii, zingine zikiwa na kilomita chache tu za njia na injini mbili. Nyingi zilizaliwa baada ya sheria ya Staggers ya 1980, iliyozipa kampuni kubwa uhuru wa kuachana na matawi yasiyowaletea faida. Badala ya kung’oa kila kitu, mengi wakayauza au kuyakodisha kwa watu wadogo. Na hawa watu wadogo wakaanza kufanya ile kazi mkubwa anaiona ni chokoraa: kupeleka mabehewa mawili ya mbolea kwenye stoo ya wakulima, kuchukua matatu ya mahindi kwenye ghala, kuyavuta polepole hadi njia panda na kuyakabidhi kwa treni kubwa.

Kuna kitu kizuri sana hapo, na sioni haya kukisema. Genesee & Wyoming ilianza 1899 kama reli ya kubeba chumvi jimbo la New York, ya kama kilomita 22 hivi. Leo inamiliki zaidi ya reli fupi mia moja. Kule Scranton, Pennsylvania (ndiyo, Scranton ile ya The Office), Delaware-Lackawanna bado inavuta mizigo kwa injini za Alco, kampuni iliyoacha kuunda injini 1969. Hebu fikiria. Kiwanda kilifungwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na bado kuna fundi anayejua kuamsha hizo injini asubuhi zikaenda kazini. Huyo fundi ningempa digrii ya heshima kesho, kama vyuo vingeniuliza maoni. Mimi mwenyewe nilitoka chuo bila moja, lakini fundi namtambua nikimwona.

Shida yangu si injini. Ni ibada. Utawasikia watoa povu wakishangilia moshi mweusi Alco inapopandisha nguvu, kama watu waliopata mvua baada ya kiangazi. Ule moshi ni dizeli isiyoungua vizuri. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wewe unaupiga picha dakika mbili kisha unaenda zako kula baga. Dereva anaupumua zamu nzima. Na kampuni ikinunua injini ya kisasa, wasee wanaomboleza ni kama kuna mtu amekufa.

Kwa habari ya watu kufa, tuongee kuhusu Lac-Mégantic.

Usiku wa tarehe 5 Julai 2013, treni ya Montreal, Maine & Atlantic iliegeshwa Nantes, mkoa wa Quebec, Kanada. Kwa vitabu vya serikali ya Marekani kampuni hiyo ilikuwa daraja moja juu ya reli fupi, lakini maisha yalikuwa yale yale: njia zilizotoka kwa kampuni iliyofilisika, injini za mitumba, wafanyakazi wa kuhesabu. Treni ilikuwa na matangi 72 ya mafuta ghafi na dereva mmoja. Mmoja. Iliachwa juu ya mteremko, mji ukiwa chini, bila mtu ndani.

Injini ya mbele, namba 5017, ilikuwa C30-7 ya General Electric. Miezi kadhaa nyuma ilikuwa imeharibika, na badala ya matengenezo kamili ikazibwa kwa kitu cha aina ya gundi ili irudi kazini haraka. Usiku ule ilitema mafuta na moshi hadi ikashika moto. Wazima moto wakaja, wakauzima, na injini ikazimwa pia. Injini ikizimwa, hakuna kinachosukuma hewa kwenye breki. Hewa ikavuja polepole. Breki za mkono zilizofungwa zilikuwa saba. Wachunguzi walisema baadaye zilihitajika zaidi ya mara mbili ya hapo. Muda mfupi kabla ya saa saba usiku treni ikaanza kuteremka yenyewe. Ilifika katikati ya mji ikiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ikaanguka, ikalipuka. Watu 47 walikufa, wengi wao wakiwa wametoka tu jioni ya wikendi kama wewe na mimi.

Sasa nisikize vizuri. Umri peke yake haukuua mtu. Uchunguzi ulitaja sababu 18, na udhaifu wa usimamizi wa serikali ni mojawapo. Lakini weka picha ya 5017 kabla ya ajali kando ya picha ya Alco inayotunzwa kama mtoto kule Scranton. Rangi imechujuka hapa, kutu pale, chuma kizee kinachopiga kazi. Kwa kamera zote mbili ni tamu. Kamera haioni gundi. Ndiyo maana nakataa kusikia ati ukuukuu ni uzuri. Mara nyingine ni ufundi, mara nyingine ni umaskini uliopigwa picha jua likizama. Na mambo yakiharibika, unajua ni nani hufikishwa kortini: wafanyakazi watatu walishtakiwa kwa vifo vile, wakaachiliwa huru 2018. Kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi mmoja baada ya ajali.

Reli fupi haiokolewi na moshi. Inaokolewa na vitu vya kuchosha. Behewa la kisasa likijaa lina uzito wa tani 130 hivi, na njia nyingi za zamani zilijengwa kwa mzigo mwepesi zaidi. Ukishindwa kubadilisha mataruma na kuimarisha madaraja, mteja wako anahamia lori na mchezo umeisha. Ndio maana tangu 2005 Marekani inazipa hizi kampuni nafuu ya kodi: hadi 2022 ilikuwa nusu ya pesa unayotumia kwenye njia, sasa ni asilimia 40, hadi dola 3,500 kwa kila maili. Miaka mingi ilikuwa ya muda, ya kuombwa upya kila mara, hadi ilipofanywa ya kudumu Desemba 2020. Hiyo ndiyo habari kubwa zaidi ya reli fupi katika maisha yangu, na sijaona hata fulana moja iliyochapishwa taruma.

Kama unafikiri haya ni ya kwao huko, pole. Mwaka 2014 Rift Valley Railways ilianza kupokea injini 20 zilizokarabatiwa kutoka Marekani, zikavishwa magurudumu ya kutoshea reli yetu nyembamba ya mita moja. Gikomba ya injini. Modeli yake ni B23-7, na uzalishaji wake uliisha 1984. Ni ukoo mmoja na ile C30-7 ya Lac-Mégantic, kiwanda kimoja, enzi moja. Mkataba wa RVR ulivunjwa 2017, wenye kampuni wakaenda, injini zikabaki mikononi mwa shirika la umma.

Kwa mtoa povu wa Pennsylvania, B23-7 ikipita kwenye vumbi la Kenya ni hazina, na angelipa tiketi ya ndege kuiona. Mimi pia nasimama kuzitazama, na moyo unaruka, siwezi kudanganya. Lakini nikishaweka simu chini nina maswali ya kijinga ambayo picha haijibu. Nani alizifungua mara ya mwisho, alitumia spea gani, na usiku zikiegeshwa mteremkoni, breki ngapi za mkono zinafungwa?