Nauli ya Muleba hutoka mfuko gani?

Simu ya mhariri kutoka Dar es Salaam ikimfikia mwandishi aliyeko Bukoba huuliza habari. Nauli haiulizwi. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira. Ni wa kujitegemea, na hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Bukoba hadi Muleba mjini ni kilomita kama 70, na kufika kijijini huenda kukahitaji bodaboda juu yake. Habari isipotoka, fedha imekwenda, nayo ilikuwa ya sukari na madaftari ya watoto.

Ndipo mke huuliza asubuhi, bila ubaya wowote: "Baba watoto, leo unakwenda na gari la nani?"

Swali hilo ni zito. Gari la kiongozi lina nafasi, na chakula cha mchana kipo. Atakayelipanda atarudi na habari ya jiwe la msingi. Mahakama ya mwanzo haina gari la kumfuata mwandishi. Mjane anayegombania kibanja na shemeji zake hana posho ya kumpa, na hata angekuwa nayo haifai kuipokea.

Lakini mambo yanayogusa nyumba nyingi huanzia huko. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Ndugu wa ukoo akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi hiyo. Mahakama ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanaume. Kesi hiyo ya Ephrahim na Pastory husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Ilipofika Kashasha ilikuwa ugomvi wa shamba tu, wa aina ambayo hakuna anayeutumia gari.

Zipo familia zinazotenga nauli kama zinavyotenga ada, na safari moja ikabeba shughuli tatu: mahakamani, sokoni, kwa mtendaji wa kata. Hiyo ni busara, ila ni gazeti kulelewa na jikoni kwa mtu. Mhariri anayetaka habari za kibanja aulizwe wazi, tena kabla ya safari, na nauli iingie kwenye simu asubuhi hiyohiyo.