Kura ya Mkristo na Haki ya Jirani

MIZANI YA JUMA, na Mzee Danieli

Kila unapokaribia uchaguzi mkuu, waumini wa makanisa yetu hapa Kenya huhimizwa na mapadri na wachungaji wao wajiandikishe, wapige kura kwa amani, na wamchague mtu mcha Mungu; na nasaha hiyo ni njema, wala sina neno nayo, illa naiona imekomea njiani, kwa kuwa haimwambii Mkristo afanye nini pindi jambo lililo mbele yake ni uhuru wenyewe wa kuabudu, uhuru wake na uhuru wa yule asiyesali kama yeye. Mas'ala haya yalitufika waziwazi tarehe 4 Agosti 2010, siku ya kura ya maamuzi juu ya Katiba mpya, na jinsi wengi katika sisi tulivyoyakabili yastahili kuangaliwa tena, bila hasira na bila kupepesa macho.

Baraza la Kitaifa la Makanisa, maaskofu wa Kikatoliki na makanisa mengi ya Kiinjili walisimama upande wa Hapana, wakitoa sababu mbili kubwa: kifungu cha uhai, ambacho walikiona kinaacha mwanya wa kutoa mimba, na Mahakama za Kadhi. Juu ya lile la kwanza sina la kuwalaumu, maana mtu akiona uhai wa asiyezaliwa umo hatarini ni faradhi juu yake kusema. Na wale waliokwenda Uhuru Park tarehe 13 Juni mwaka ule kuomba na kupinga, wakaripukiwa na mabomu na baadhi yao wakapoteza roho zao, walikuwa wakitumia haki yao kamili, na damu yao ni dhulma isiyo na udhuru. Lile la pili ndilo linalonishughulisha, kwa sababu hapo kanisa, ambalo halikuwa limenyang'anywa kitu, liliitumia kura kutaka jirani apunguziwe chake.

Mahakama za Kadhi hazikuzuliwa mwaka 2010. Zilikuwapo katika mwambao huu tangu enzi ya Masultani wa Zanzibar. Waingereza walipoweka himaya yao mwaka 1895 walizikuta, wakaziacha. Na Oktoba 1963, ukanda wa pwani wa maili kumi ulipokuwa ukikabidhiwa Kenya iliyokaribia uhuru wake, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana ahadi kwamba Waislamu wa pwani watabaki na uhuru wa dini yao na makadhi wao, ahadi iliyoingia katika Katiba ya uhuru na kudumu humo zaidi ya miaka arubaini. Kifungu cha 170 cha Katiba mpya nacho hakikuongeza la kutisha: kadhi ahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya watu ambao wote ni Waislamu, na ambao wote wameridhia kwenda mbele yake. Nimekisoma kifungu kile mara nyingi na sijaona mahali ambapo Mkristo anapungukiwa.

Ilisemwa kwamba fedha za walipa kodi zisiwalipe makadhi mishahara. Hoja hii ina sura ya insafu mpaka uitazame kwa karibu, kwani ni fedha hizo hizo, zitokazo kwa Mwislamu na kwa Mhindu na kwa asiye na dini, zinazowalipa waalimu wa shule za umma ambazo wafadhili wake ni makanisa na ambazo zina majina ya watakatifu juu ya milango yake, na ni serikali hiyo hiyo inayofunga ofisi zake Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi. Sisemi hayo yaondolewe. Nasema kwamba anayeyapokea hana uso wa kumwambia jirani yake kuwa kadhi wake ni upendeleo.

Wako Wakristo waliotutangulia ambao walilifahamu jambo hili kwa uchungu. Katika Virginia, kabla Marekani haijapata uhuru wake, wahubiri wa Kibaptisti walitiwa gerezani kwa kuhubiri pasipo idhini, kwa kuwa Kanisa la Kianglikana ndilo lililokuwa kanisa la dola. Na mwaka 1784 ulipoletwa mswada wa kodi ya kuwalipa waalimu wa dini ya Kikristo, kodi ambayo wao nao wangepata fungu lake, Wabaptisti wengi waliikataa na kutia saini maombi ya kuipinga. Mwanasiasa wa huko, James Madison, katika waraka wake wa 1785, alitoa hoja ambayo sijaona bado wa kuivunja, kwamba mamlaka yenye uwezo wa kuupandisha Ukristo juu ya dini nyingine ndiyo yenye uwezo wa kulipandisha dhehebu moja la Kikristo juu ya mengine. Mswada ukaanguka, na Januari 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini aliyoiandika Thomas Jefferson. Ni aibu ya historia yao kwamba uhuru uliosifiwa hivyo haukumfikia mtumwa. Walakini Mchungaji John Leland, Mbaptisti, alisema hadharani kwamba uhuru wa dhamiri ni wa Myahudi, wa Mwislamu na wa mpagani sawasawa na ulivyo wa Mkristo, naye alisema hivyo akiwa mtu wa dhehebu lililoonja gereza.

Hapa kwetu Katiba ilipita kwa takriban theluthi mbili ya kura, ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 8 kikakataza dini ya dola, na cha 32 kikaweka uhuru wa dhamiri, dini, imani na rai. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wavae hijabu pamoja na sare zao. Na ingawa Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ile mwaka 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi, mwaka 2017 Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa ilikuwa imekwisha kuwapa haki Waadventista Wasabato, ambao watoto wao walikuwa wakilazimishwa kuhudhuria masomo siku ya Jumamosi. Uhuru uliodaiwa kwa ajili ya binti wa Kiislamu ndio uliompumzisha mtoto wa Kisabato. Kumbe aliyepiga Hapana kwa ajili ya kumzuia kadhi, alikuwa akiipigia Hapana pia kinga ya Mkristo mwenzake.

Leo mambo yamegeuka sura. Baada ya msiba wa Shakahola, huko Kilifi, mwaka 2023, ambapo maiti zaidi ya mia nne zilifukuliwa msituni, za watu walioambiwa wafunge ili wamwone Mola wao, uliletwa katika Seneti, mwaka 2024, mswada wa kusimamia mashirika ya kidini, na maaskofu na wachungaji wakapaza sauti kwamba serikali inataka kujitia katika mimbari. Kuua si ibada, na anayeua kwa jina la Mungu ahukumiwe kama muuaji. Lakini kumpa mtumishi wa serikali mamlaka ya kuamua nani astahili kuhubiri ni jambo jingine kabisa, na wanaolikataa wana haki. Nawaomba tu wakumbuke kwamba Kifungu cha 32 wanachokikimbilia kimo katika Katiba ile ile waliyotukataza.

Wapo pia wasemao kwamba siasa ni uchafu na Mkristo akae nyumbani. Mtume Paulo, alipokaribia kupigwa mijeledi, alidai haki yake ya uraia wa Kirumi, na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Hakuona kwamba kutumia haki ya raia kunampunguzia imani.

Basi, ndugu yangu msomaji, mgombea wa ubunge au wa Seneti atakapoletwa kanisani kwenu mwaka 2027 na bahasha yake ya harambee, usitosheke kujua anasali wapi. Muulize mbele ya watu atapiga kura gani siku utakapoletwa mswada wa kuubana msikiti ulio kando ya kanisa lenu, au kikundi kidogo cha waumini kisicho na askofu wala wakili. Na akisitasita katika jibu lake, kura yako mpe mwingine.