Viazi mviringo, dalia na usiku wa Mchukwi

UWANJANI KWETU
Na Hadija Mkumba

Chipsi zinazokaangwa kandokando ya barabara ya Lindi, hapa Mchukwi na pale Kibiti mjini, hutokana na viazi vilivyopanda lori mbali na huku. Viazi mviringo ni vya Njombe, Mbeya na Lushoto. Sisi wa tambarare tuna muhogo, korosho, nazi na mpunga wa bondeni. Hakuna anayemcheka mkulima wa Mchukwi kwa kukosa shamba la viazi mviringo, wala hakuna bwana shamba anayemtuma akajaribu. Kila mtu anajua kiazi hicho kinataka baridi. Ajabu ni kwamba akili hiyohiyo tunaiweka kando mara tu tunapotoka shambani na kusimama kwenye bustani ya mbele ya nyumba. Hapo picha moja ya simu inatosha: ua jekundu pana kama sahani, petali zimepandana kama magamba ya changu, na chini yake bei ya kiazi kimoja cha kupanda. Ua hilo ni dalia. Ninachosema wiki hii ni kwamba dalia na kiazi mviringo wana kesi moja, na anayeelewa kwa nini Mchukwi hailimi kile cha chipsi ameshapata jibu la hiki cha maua.

Tuanze na jina, maana linachanganya. Kwa watu wa pwani dalia ni neno la siku nyingi, nalo ni ule unga wa manjano wenye harufu nzuri ambao wanawake hujipaka. Ua hili halina udugu na unga huo. Limeitwa kwa jina la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden, na aliyempa heshima hiyo ni Cavanilles, padri na mtaalamu wa mimea wa Madrid, mwaka 1791, miaka miwili baada ya mbegu kufika huko kutoka Mexico. Wazungu walitumaini mizizi yake minene ingekuwa chakula cha kushindana na kiazi mviringo. Wakaionja, wakaamua kubaki na maua. Mexico yenyewe ililitangaza kuwa ua la taifa mwaka 1963. La kushika katika habari zote hizi ni kwamba Mexico inayotajwa si ile ya fukwe na minazi. Dalia za mwituni huota nyanda za juu na kwenye miteremko ya milima, nyingi kwenye mwinuko wa mita 1,500 na kuendelea, ambako mchana jua linawaka na usiku mtu anatafuta blanketi. Ndiyo sababu ukipita Limuru, Lushoto au vijiji vya juu vya Kilimanjaro utaziona zimesimama kando ya uzio kana kwamba hakuna aliyezipanda.

Mwenye kusoma vitabu vya bustani atasema tatizo huenda ni mwanga, si baridi. Ni kweli kwamba dalia huhesabu saa za mchana: siku zikiwa fupi sana hupunguza maua na kupeleka nguvu chini, kwenye viazi vyake. Lakini Limuru iko jirani kabisa na ikweta, mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima, na dalia zinachanua. Mchukwi, iliyo karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, mchana wake hupungua kwa dakika ishirini hivi mwezi Juni na kuongezeka kama nusu saa mwezi Desemba. Tofauti hiyo haitoshi kuubebesha mwanga lawama. Linalobaki ni joto, na hasa joto la usiku. Mmea hutengeneza sukari mchana kwa nguvu ya jua, na usiku huitumia sehemu ya sukari hiyo kupumua. Kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo matumizi yanavyopanda. Dar es Salaam, jirani yetu wa kaskazini, joto la chini la usiku mwezi Februari ni wastani wa nyuzi 25 hivi, na mwezi Julai hushuka hadi 18 au 19. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, usiku wake wa Februari ni kama usiku wetu bora wa Julai, au baridi zaidi. Dalia ya Mchukwi katika kaskazi ni kama kibarua anayelipwa jioni na kuamka asubuhi mfuko ukiwa mtupu. Hana akiba ya kujengea ua. Utaona shina refu jembamba, majani tele, matumba yanayokauka kabla ya kufunguka, na likifunguka moja basi ni dogo, kitovu kiko wazi, halifanani na la kwenye simu.

Udongo nao hauisaidii dalia. Kichanga chetu kina sifa moja nzuri, kwamba hakituamishi maji, na kiazi cha dalia kikikaa kwenye maji kinaoza. Ila kichanga hichohicho hakishiki chakula, na ndiyo nyumba waipendayo minyoo fundo, ambao dalia huwapokea vizuri sana. Mchwa tusiwataje. Kuna pia ubwiri unga, ambao wenye mikorosho wanaujua kuliko mtaalamu yeyote wa maua. Wa dalia si kuvu yuleyule wa mkorosho, lakini unga mweupe juu ya majani ni uleule na dawa ya salfa ni ileile. Tahadhari tu: salfa ikipulizwa siku ya joto la nyuzi 30 na zaidi huunguza majani, na kwa mmea ulioanza kuzidiwa na joto huo ndio mwisho.

Pingamizi lenye uzito ni hili: mbona karibu kila kinachotulisha hapa ni mgeni? Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, muhogo vilevile ni wa Amerika, mwembe asili yake ni India. Kama wageni hao wote wamekuwa wenyeji wa Kibiti, kwa nini dalia ifungiwe mlango? Swali ni la haki, na jibu liko ndani yake. Mkorosho ulitoka pwani ya kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye mchanga, joto na upepo wa bahari. Ulipofika kwetu haukuona tofauti. Muhogo ni wa nchi za chini zenye joto. Hawa walisafiri mbali kwa kilomita lakini hawakuhama hali ya hewa. Dalia na kiazi mviringo wametoka bara hilohilo la Amerika, ila wametoka mlimani, na wakifika Afrika wanaulizia mlima. Wajerumani walipofungua kituo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, walileta mimea ya mabara yote, na viwanja vyao vya majaribio vilianzia chini kwenye bonde la Sigi hadi juu kabisa Amani, kwa sababu walijua swali la kwanza la mmea mgeni ni mwinuko. Tuna haki ya kuwalaumu wakoloni kwa mengi, lakini hilo waliliuliza vizuri.

Pingamizi la pili halitoki vitabuni, linatoka uani: fulani alipanda dalia Dar es Salaam na ikachanua. Siwezi kulikataa, wala sina haja. Kiazi kilichochimbwa Lushoto kimekuja na akiba ya Lushoto. Ua la msimu wa kwanza linajengwa kwa sehemu na akiba hiyo, kama mgeni anayekula pamba za safari. Kipimo ni msimu wa pili na wa tatu, pale mmea unapotegemea ulichokusanya wenyewe katika usiku wa nyuzi 25. Chimba uangalie viazi vyenyewe. Vikiwa vimenenepa kuliko ulivyovipanda, umenishinda na nitaandika hapa kwamba nimeshindwa. Vikiwa vimesinyaa na kuwa kama vidole vya mzee, umenunua shada la maua ghali lililochelewa kufika.

Hata hivyo wapo watakaotaka dalia liwake jua inyeshe mvua, na mtu hazuiwi kupendezwa. Kwa hao ushauri wangu ni kwamba waichukulie kama mgeni wa kipupwe, si mwenyeji wa mwaka mzima. Chagua aina zenye maua madogo, kwa kuwa zinavumilia joto kuliko zile za ua pana kama sahani. Hakikisha kiazi kina jicho pale kilipoungana na shina la zamani. Kisicho na jicho hakitaota hata ukikiimbia. Kipande mwishoni mwa Mei masika yakishakata, kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa chini badala ya ardhini, ili kuwakwepa minyoo fundo na ili uweze kukihamisha. Changanya kichanga na samadi iliyooza vizuri, lakini usizidishe mbolea ya kuku, maana itakupa majani na kukunyima maua. Kifukie kina cha sentimita 10 hivi, chomeka mti wa kukiegemeza siku hiyohiyo usije ukakitoboa baadaye, kisha usimwagilie kwa pupa mpaka chipukizi litokeze. Huku ndiko viazi vingi vinakoozea: mtu anamwagia maji kitu ambacho bado hakina mizizi ya kuyanywa. Ndoo ikae upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mmea ukifikisha jozi nne za majani, kata ncha ya juu ili utoe matawi. Tandaza makumbi ya nazi juu ya udongo kuupoza, mwagilia asubuhi, na chunguza chini ya majani kama kuna utitiri mwekundu, hasa upepo wa kusi ukikausha hewa, maana hapo ndipo anapozaana. Ua likate alfajiri likiwa limekwisha kufunguka, kwa kuwa tumba la dalia likikatwa halifunguki tena ndani ya chupa. Kufikia Oktoba punguza maji, acha majani yafe, chimba viazi na uvihifadhi kivulini ndani ya pumba za mpunga zilizo kavu. Ukiyafanya yote hayo utapata maua ya wiki chache, Agosti na Septemba. Kazi ni nyingi kuliko ya kulea kifaranga cha bata, lakini ni kazi halali.

Mimi ningeitumia nguvu hiyo kwingine. Ua kwa watu wa pwani tangu zamani limekuwa la pua kabla ya kuwa la macho: asumini, mrehani na mkadi huingia kwenye kikuba, mlangilangi hunusika nyumba ya tatu, na yote haya huvumilia usiku wa joto kwa sababu huo ndio usiku yaliozaliwa nao. Dalia, kwa ukubwa wake wote, nyingi hazina harufu. Bibi harusi wa Kibiti atafanya nalo nini? Kuna watakaosema maua yenyewe ni anasa mahali ambapo watu wanahangaikia bei ya korosho. Kichaka cha asumini hakiombi mbolea ya mtu, na maua yake yanafungwa na kuuzwa, kwa hiyo sioni anasa iko wapi.

Na anayetaka sura ya dalia hasa, rangi kali na petali zilizopandana, afahamu kwamba dalia ina binamu. Zinia ni ya ukoo mmoja nayo, ukoo wa alizeti, nayo pia imetoka Mexico, ila haiogopi joto. Wazalishaji wa mbegu wameshatengeneza zinia zilizoumbwa kwa mfano wa dalia, na mtu akiwa ng'ambo ya barabara hatazitofautisha. Huhitaji kiazi, ndoo wala pumba: unasia mbegu kwenye jua kamili, unazipunguza zikisongamana, unamwagia udongo na si majani, na maua makavu unayahifadhi kwa mbegu za mwaka unaofuata. Mbegu zikisiwa wiki ya mwisho ya Mei, kufikia Nane Nane zinia zitakuwa zimechanua.