Rimu haitaki nguvu, inataka kifaa kinachofika

Wadau, leo naomba siasa zipumzike kidogo. Nataka kuzungumzia rimu za magari, hasa vifaa tunavyotumia, au tunavyoruhusu vitumike, kuzisafisha. Najua wapo watakaosema huyu mwandishi ameishiwa habari. Subirini kwanza, maana ndani ya jambo hili dogo kuna afya za vijana wenzetu.

Tuanze na uchafu wenyewe. Ule weusi unaoganda kwenye rimu si vumbi la barabarani peke yake. Kila unapokanyaga breki, pedi zinabana disiki na vyote viwili vinasagika kidogo kidogo. Chembe za chuma zinaruka zikiwa za moto, zinanata kwenye rimu, na zikipata unyevu zinashika kutu hapo hapo. Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa sababu breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa gari linaposimama. Sisi wa Dar es Salaam tuongeze na chumvi ya upepo wa bahari. Ndiyo maana sponji na maji matupu havitoshi.

Rimu ya chuma ya kawaida haina shida. Unatoa kifuniko cha plastiki, unasugua, umemaliza. Shida ipo kwenye rimu za aloi, zile tunazoita rimu za spoti, ambazo zimejaa kwenye magari yetu ya mtumba kutoka Japani. Spoki kumi, nyingine kumi na tano, zimebanana kiasi kwamba mkono wa mtu mzima haupiti. Na nyuma ya spoki kuna ule mduara wa ndani, ambako uchafu ni mwingi kuliko unaouona kwa mbele. Mkono usipofika, muoshaji ana njia tatu za mkato: aache uchafu ulivyo, achukue stilwaya au brashi ya waya, au amwage tindikali.

Stilwaya inaharibu taratibu. Rimu nyingi za aloi zimepakwa vanishi juu yake, na hiyo ndiyo inayozuia maji na chumvi visiifikie aluminiamu. Ukiikwaruza, rimu itang'aa siku hiyo, mmiliki atafurahi na kutoa hela. Baada ya muda yanaanza madoa meupe, vanishi inabanduka, na hakuna sabuni itakayorudisha hali ya mwanzo.

Tindikali ni habari nyingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya niandike. Nimeona vijana wakimimina dawa ya rimu kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Ukiuliza ni nini, unajibiwa "dawa kali, inatoa kila kitu". Inaweza kuwa tindikali ya betri, ambayo inaunguza ngozi na macho. Inaweza pia kuwa dawa yenye tindikali ya haidrofloriki au amoniamu bifloridi, ambazo zimo katika baadhi ya dawa kali za rimu. Hii haidrofloriki ni ile ile inayotumika kuchora vioo, na ubaya wake ni kwamba ikiwa nyepesi inaweza kukugusa usisikie maumivu mpaka saa kadhaa zipite. Wakati huo imeshapenya kwenye nyama, inashambulia kalsiamu ya mwili mpaka kwenye mfupa, na ikiingia kwa wingi inaweza kusimamisha moyo. Aliyeguswa anatakiwa kusafishwa kwa maji mengi na kukimbizwa hospitali akiwa na jina la dawa, maana tiba yake ni ya pekee, ile jeli ya kalsiamu glukoneti. Sasa niambieni, kijana anayemimina kutoka kwenye chupa isiyo na lebo atamtajia daktari jina gani? Na mtoto akiiokota akadhani ni maji?

Haya yote yanatokea kwa sababu ya kukosa brashi inayopita. Dawa kali inafanya kazi ambayo kifaa kingeifanya bila kumuumiza mtu.

Kifaa cha kwanza cha kutafuta ni brashi ndefu nyembamba kwa ajili ya kati ya spoki na mduara wa ndani. Kabla ya kwenda dukani, pima kwa vidole nafasi ndogo kuliko zote kwenye rimu yako, kwa sababu brashi iliyo nene haitakusaidia kitu. Zipo zinazofanana na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto, yaani nyuzi zimesokotwa kwenye waya. Hizo zina kasoro mbili: waya ukiwa wazi kwenye ncha unachimba rimu, na nyuzi zikifyatuka zinakurushia maji machafu usoni. Bora yenye ncha iliyofunikwa kwa mpira au plastiki. Bora zaidi ni yenye sufu au maikrofaiba, maana haikwaruzi wala hairushi maji. Ukiwa unasugua ndani, usichokonoe vile vipande vya uzito vya balansi vilivyogandishwa huko. Vikidondoka, usukani utatetemeka ukienda kasi.

Kwenye matundu ya nati, chukua brashi ya rangi ya inchi moja yenye nyuzi laini, na ule mkanda wake wa bati uuzungushie tepu ili usigonge vanishi. Kwenye kona za valvu na nembo ya katikati, mswaki laini unatosha, na huo unapatikana hata kwa Mangi. Pale ambapo hata brashi nyembamba haipiti, chana fulana kuukuu iwe ukanda, ipitishe nyuma ya spoki na uivute huku na huku kama shushaini anavyong'arisha kiatu. Brashi ngumu iache kwa ajili ya tairi peke yake. Kama huna uhakika na ulaini wa brashi, isugue nyuma ya kiganja chako. Ikikukwaruza wewe, itaikwaruza na vanishi.

Ndoo ya rimu iwe ya rimu tu, maana mchanga na chembe za breki zikihamia kwenye bodi zinachora rangi. Osha rimu ikiwa imepoa, moja moja, kwa sabuni laini ya maji, kisha suuza vizuri. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa likiwa kavu, lilowanishe kwanza. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na Japani ilipiga marufuku pedi za namna hiyo mwaka 2004. Kwa uchafu sugu, zipo dawa zisizo na tindikali kali zinazobadilika kuwa zambarau zikikutana na chembe za chuma. Nyingi zina thioglaikoleti, ndugu wa ile dawa ya kalikiti ya nywele, na ndiyo maana zinanuka. Hata hizo zinataka glavu.

Mtaniambia kijana wa deiwaka hawezi kununua vyote hivi. Kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Yeye analipwa kwa gari, halipwi kwa saa. Sisi wenye magari tunasimama pembeni tukiangalia saa, tunadai rimu ing'ae kama mpya ndani ya dakika kumi na tano, halafu tunabishania shilingi mia tano. Kwa masharti hayo, unategemea afanye nini kama si kuchukua chupa?

Msimamo wangu ni huu. Mwenye gari anunue brashi zake, aziweke kwenye buti pamoja na jeki, na akifika kwenye kuosha amkabidhi kijana. Aseme waziwazi kwamba hataki stilwaya wala tindikali, aongeze muda na aongeze hela kidogo. Mwenye sehemu ya kuoshea magari naye atoe glavu, na chupa isiyo na jina isikanyage kwake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na aliyeajiri vijana wanne wa kuosha magari naye ni mwajiri.

Rimu ikiharibika, utapata nyingine Ilala. Vidole vya kijana havina spea.

Nawakilisha.